Mbwa Mwenye Nguvu Nyingi Katika Familia Yenye Shughuli Nyingi: Mambo ya Kupima Kabla ya Kumchukua

Utangulizi

Mji wa Ifakara unakua. Daraja la mto Kilombero, biashara ya mchele na taasisi za afya na elimu vimeongeza watu, na watu wameongeza nyumba. Kila nyumba mpya yenye uzio na geti huibua swali la ulinzi, na aghalabu jibu la kwanza ni mbwa. Wapo wanaoridhika na mbwa wa kienyeji wa jirani. Wapo pia wanaovutiwa na mbwa mkubwa, mwepesi na mwenye sauti nzito, hasa wa ukoo wa German Shepherd au chotara wake. Mara nyingi wanaomtamani mbwa huyo ndio wenye muda mdogo kuliko wote: muuguzi wa zamu za usiku, mwalimu, mfanyabiashara wa mpunga, na mkulima anayehamia shambani kwa majuma mengi kila mwaka.

Huenda msomaji akajiuliza jarida la afya lina lipi la kusema juu ya uchaguzi wa mbwa. Jibu ni kwamba uamuzi unaofanywa getini huishia mara nyingi katika chumba cha wagonjwa wa nje. Mbwa asiyelingana na familia yake huzurura, huuma, hukosa chanjo, na hubeba vimelea hadi kitandani mwa mtoto. Makala haya yanaeleza nguvu nyingi za mbwa maana yake ni nini, zinadai nini kwa familia, na kwa nini katika bonde la Kilombero swali hili linagusa uhai wa watu.

Nguvu nyingi maana yake nini

Koo nyingi za mbwa zilifugwa na kuchaguliwa kwa ajili ya kazi. German Shepherd alikuzwa nchini Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19 ili achunge kondoo mchana kutwa. Belgian Malinois, jamaa yake wa karibu, leo hutumiwa na polisi na majeshi ya nchi nyingi kwa sababu hachoki upesi wala hakati tamaa. Mbwa wa kienyeji wa Afrika Mashariki naye ana historia yake ya kuwinda, kuchunga na kulinda mazao, ila kwa kawaida akishakomaa hujua kupumzika kivulini.

Basi mbwa anapoitwa machachari, maana yake si kwamba ana tabia mbaya. Maana yake ni kwamba mwili na akili yake vinadai kazi kila siku. Akikosa kazi atajitafutia mwenyewe: atachimba chini ya uzio, atafukuza kuku na bodaboda, atabweka usiku kucha, atawarukia watoto, na hatimaye atatoroka. Mwenye mbwa huyaona hayo kuwa ni ukorofi, naye hujibu kwa mnyororo. Mnyororo huzidisha tatizo. Mbwa aliyefungwa hawezi kukimbia anapoogopa. Linalobaki kwake ni kujitetea kwa meno. Kwa hiyo mbwa anayefungwa mchana kutwa haongezi usalama wa nyumba kama wengi wanavyodhani, bali huongeza hatari kwa mtoto wa kwanza atakayemkaribia.

Hesabu ya muda na chakula

Kabla ya kutazama uzuri wa mbwa, familia na ifanye hesabu. Mbwa wa ukoo wa kazi, akiwa mzima na mwenye afya, huhitaji takriban saa moja hadi mbili za mazoezi ya nguvu kila siku, pamoja na muda wa kufundishwa. Hizo ni saa 7 hadi 14 kwa juma. Katika joto la bonde, saa hizo haziwezi kuwekwa wakati wowote. Mbwa hatoi jasho mwilini kama binadamu. Hujipoza zaidi kwa kuhema, na akikimbizwa jua la mchana anaweza kuzidiwa na joto na kufa. Zinabaki alfajiri na jioni, yaani saa zile zile ambazo mama anaandaa watoto kwenda shule na baba anarudi kutoka kazini.

Chakula nacho kina hesabu yake. Mbwa mzima wa kilo 25 huhitaji takriban kilokalori 1,250 kwa siku, na akifanya kazi nyingi hufika 1,600. Kiasi hicho ni zaidi ya nusu ya mahitaji ya mtu mzima. Kwa kipimo cha nishati peke yake, ni sawa na karibu theluthi moja ya kilo ya unga wa mahindi kila siku, au kilo 10 kwa mwezi, kabla ya kuhesabu dagaa, utumbo au nyama atakayohitaji ili apate protini. Mtoto wa mbwa hula mara tatu au nne kwa siku mpaka afikishe miezi sita. Nyumba inayotegemea makombo haitaweza kumlisha mbwa wa aina hii, na mbwa mwenye njaa hujilisha jalalani na machinjioni.

Hesabu ya tatu ni ya miaka. Mbwa anayetunzwa vizuri huishi miaka 10 hadi 13. Mtoto wa darasa la kwanza anayemlilia mbwa leo atakuwa amemaliza sekondari mbwa huyo akiwa bado hai.

Msimu wa shamba

Katika bonde la Kilombero lipo jambo ambalo vitabu vya ufugaji vilivyoandikwa Ulaya havilitaji. Familia nyingi zina makao mawili: nyumba ya mjini au kijijini, na kibanda cha shambani katika uwanda wa mpunga. Tangu kupanda hadi kuvuna, watu wazima hukaa shambani wakifukuza ndege, ngedere na nguruwe pori, wengine wakilala katika madungu yaliyoinuliwa juu ya miti. Watoto wa shule hubaki nyumbani na bibi au dada mkubwa. Je, mbwa atakwenda wapi?

Akiachwa nyumbani, anabaki na watu ambao aghalabu hawana nguvu za kumshika. Akipelekwa shambani, atafurahi, kwani huko kuna kazi inayolingana na mwili wake. Lakini huko pia yuko karibu na wanyamapori, katika maeneo mengine anaumwa na mbung'o, na huenda akaikosa siku ya chanjo inayofanyika kijijini. Akiachwa bila mtu, ndani ya siku chache atakuwa mbwa wa mtaani. Utafiti uliofanyika nchini umeonyesha kuwa sehemu kubwa ya mbwa wanaoonekana wakizurura si mbwa wasio na wenyewe. Wana wenyewe, ila hawana uangalizi.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa familia ya bonde hili ni hili: mwezi wa kuvuna, nani atakuwa na mbwa? Ikiwa hakuna jina la mtu linalotajwa mara moja, jibu limekwisha kupatikana.

Watoto na meno ya mbwa

Watoto ndio wanaoumwa zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 4 kati ya 10 wanaoumwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto ni mfupi, uso wake u karibu na mdomo wa mbwa. Hukimbia na kupiga kelele, mambo yanayoamsha silika ya kufukuza. Tena hajui kusoma dalili za hofu. Si kila mbwa anayeuma ni mgeni. Mara nyingi ni mbwa wa nyumbani au wa jirani, anayejulikana kwa jina.

Watoto wafundishwe mambo machache: wasimguse mbwa anayekula, anayelala au mwenye watoto, wasimkumbatie shingoni, wasimkimbie, bali wasimame wima kimya kama mti mpaka aondoke. Mtoto wa chini ya miaka mitano asiachwe peke yake na mbwa yeyote, hata awe mpole kiasi gani. Mbwa mwenye nguvu nyingi anaweza kumwangusha mtoto kwa furaha tu, pasipo nia mbaya, na mtoto akavunjika mkono.

Kichaa cha mbwa: kwa nini kumjua mbwa wako ni kinga

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa virusi unaoshambulia ubongo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufariki. Duniani kote ugonjwa huu hukadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Ugonjwa huu unazuilika kabisa.

Bonde la Kilombero lina nafasi yake katika historia ya kuuzuia. Kati ya mwaka 2010 na 2015, wilaya 28 za kusini-mashariki mwa Tanzania, zikiwemo za bonde hili, zilishiriki katika mradi wa mfano wa kutokomeza kichaa cha mbwa ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani. Mbwa walichanjwa kwa kampeni za vijiji, na watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara walishiriki kuanzisha mfumo wa kutoa taarifa kwa simu za mkononi kuhusu watu walioumwa na mbwa waliochanjwa. Kisiwani Pemba ugonjwa ulikomeshwa, ukarejea mwaka 2016, kisha ukakomeshwa tena. Funzo ni kwamba chanjo ya mbwa hufanya kazi, na kwamba ikilegea ugonjwa hurudi.

Kipimo kinachotumika ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wote wa eneo. Kipimo hicho hushuka upesi baada ya kampeni, kwa kuwa mbwa huzaa sana, hufa mapema, na watoto wao huzaliwa bila kinga. Ndiyo maana chanjo hurudiwa kila mwaka, na ndiyo maana watoto wa mbwa nao wapelekwe, wasiachwe nyumbani kwa kudhaniwa kuwa ni wadogo mno. Hapa ndipo mbwa machachari anapoleta shida ya kipekee: asiyezoea kamba hafiki kituoni. Mwenyewe anamwogopa, watoto hawamwezi, naye hubaki bila chanjo mwaka hadi mwaka. Kumzoesha mtoto wa mbwa kuvaa mkanda wa shingoni, kuongozwa kwa kamba na kushikwa na watu mbalimbali ni sehemu ya kinga sawasawa na sindano yenyewe.

Lipo jambo la pili. Dalili kuu ya kichaa kwa mbwa ni kubadilika kwa tabia. Wengi humngoja mbwa mkali anayetoa povu, ilhali ipo namna nyingine ya ugonjwa ambayo mbwa hunyamaza, hujificha, taya hulegea, na hushindwa kumeza. Mbwa aliyekuwa mchangamfu akawa mzito, au aliyekuwa mpole akawa mkali, anatoa taarifa. Lakini taarifa hiyo humfikia tu anayejua jana mbwa alikuwaje. Familia inayomtazama mbwa mara moja kwa juma, au inayomwachia lango usiku bila kuchunguza alfajiri kama amerudi na jeraha, haitaiona. Huenda hata mtu akaingiza mkono kinywani mwa mbwa mwenye taya lililolegea akidhani amekwamwa na mfupa.

Mtu akiumwa

Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15. Hatua hii haihitaji fedha wala daktari, nayo hupunguza sana idadi ya virusi vilivyoingia. Jeraha lisipakwe chumvi, pilipili, majivu wala maji ya betri. Kisha mtu aende kituo cha kutolea huduma za afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo, hata kama mbwa ni wa nyumbani.

Mhudumu atapima uzito wa tukio. Kulambwa juu ya ngozi nzima hakuhitaji chanjo. Mkwaruzo mdogo usiotoa damu huhitaji chanjo. Jeraha lililopenya ngozi, au mate yaliyoingia machoni, mdomoni au katika ngozi iliyochubuka, huhitaji chanjo pamoja na kingamwili zinazochomwa ndani na kuzunguka jeraha kwa mtu ambaye hajawahi kuchanjwa. Kwa mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018, chanjo ya ndani ya ngozi hutolewa sehemu mbili za mwili siku ya 0, ya 3 na ya 7. Ya msuli hutolewa siku ya 0, ya 3, ya 7, na dozi ya nne kati ya siku ya 14 na ya 28. Mgonjwa asiache dozi kwa kuwa kidonda kimepona. Kidonda hupona juu, huku virusi vikisafiri polepole kwenye neva. Dalili huweza kuchelewa miezi miwili au mitatu, na pengine zaidi.

Mbwa aliyeuma, ikiwa anapatikana na anaonekana mzima, asiuawe kwa hasira. Afungiwe mahali salama na kuangaliwa kwa siku 10 chini ya maelekezo ya afisa mifugo. Akibaki mzima siku zote hizo, hakuwa akitoa virusi siku alipouma, na daktari anaweza kusitisha chanjo. Lakini chanjo ianze sasa. Isingoje siku 10 ziishe.

Minyoo, funza, kupe na nagana

Kinyesi cha mbwa hubeba mayai ya minyoo ambayo huiva udongoni na kuwapata watoto wanaocheza chini. Mtoto wa mbwa huweza kuzaliwa na minyoo tayari, kwa hiyo hupewa dawa tangu majuma ya kwanza, kwa ushauri wa mtaalamu wa mifugo. Kinyesi kizikwe kila siku. Funza wa miguuni huishi pia kwa mbwa. Familia inayotibu miguu ya watoto na kumwacha mbwa itatibu tena mwezi ujao. Kupe na viroboto huhitaji dawa ya mara kwa mara. Kwa mbwa anayepelekwa karibu na mapori, mbung'o huleta nagana: homa, kukonda, na macho kushikwa na ukungu. Dalili hizo zikionekana, asubiriwe asubuhi tu, si juma zima.

Majirani na sheria

Ufugaji wa mbwa mjini si jambo la nyumba moja. Katika madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na Waislamu wengi wa nchi yetu, mate ya mbwa ni najisi inayohitaji kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa anayeruka uzio na kuingia uani kwa jirani anayejiandaa kuswali ameleta zaidi ya usumbufu. Aidha, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamwekea mwenye mnyama wajibu wa kumtunza. Kumleta mbwa na kumwacha si haki kwa mnyama wala kwa mtaa.

Maswali ya kujiuliza

Familia ikae pamoja na kuyajibu haya kwa ukweli:

1. Nani atamtoa mbwa alfajiri na jioni, siku za zamu na siku za mvua?
2. Nani atakuwa naye wakati wa kulima na wa kuvuna?
3. Je, uzio unamzuia mbwa anayeruka na kuchimba?
4. Je, bajeti ina chakula, chanjo ya kila mwaka na dawa za minyoo na kupe?
5. Je, yupo mtoto wa chini ya miaka mitano, na nani anakuwa naye mchana?
6. Je, yupo mtu mzima anayeweza kumshika kwa kamba mbwa wa kilo 25 au 30?
7. Kinachohitajika hasa ni mbwa, au ni taa, kufuli na jirani mwema?

Aliyejibu vizuri maswali yote anaweza kumchukua mbwa mwenye nguvu nyingi, naye atapata mlinzi na mwenzi. Aliyekwama katika swali la kwanza au la pili afikirie mbwa wa kienyeji aliyekwisha komaa, ambaye tabia yake inajulikana na mahitaji yake ni madogo. Aliyekwama katika la tano anaweza kungoja mtoto akue. Aliyekwama katika mengi aache kwa sasa. Kwa anayechukua mtoto wa mbwa, asimtoe kwa mama yake kabla ya majuma manane, na achague kipindi ambacho familia imerudi kutoka shambani na itakaa pamoja kwa miezi kadhaa.

Kwa wahudumu wa afya

Mgonjwa anapofika na jeraha la mbwa, maswali machache huokoa zaidi ya mtu mmoja: mbwa ni wa nani, amechanjwa lini, yuko wapi sasa, tabia yake imebadilika, nani mwingine ameumwa au kulambwa kidondani? Majibu yapelekwe kwa afisa mifugo siku hiyo hiyo, kwani mbwa mmoja mgonjwa huweza kuwa ameuma watu wa vitongoji viwili. Huo ndio utekelezaji wa dhana ya Afya Moja katika ngazi ya zahanati. Katika kliniki ya watoto, mama akitaja kwamba wanataka kuleta mbwa nyumbani, dakika tano za mazungumzo zinatosha: aulizwe nani atamshika siku ya chanjo, na mbwa atakuwa wapi mwezi wa kuvuna.